Uwanja wa Nyumbani, Soko la Mifugo

Farhiya alikuwa nahodha wa timu ya lakrosi ya Isiolo, mchezo wa kudaka na kurusha mpira kwa fimbo yenye wavu kichwani. Ligi yao ilikuwa ya kulipwa, angalau ndivyo jina lake lilivyodai, na ilikuwa na sharti moja kali: timu isiyo na uwanja wa nyumbani, nje.

Asubuhi ya mechi ya kwanza alikuta lango la uwanja limefungwa mnyororo. Mbaabu, afisa aliyeusimamia, alisimama mbele yake na suti yake nyeusi, kama mfiwa.

"Hamwezi kuingia," akasema. "Nyasi zinapumzika."

Farhiya akachungulia. Ndani kulikuwa na vumbi, mawe, na mbuzi aliyekata tamaa.

"Nyasi gani, bwana Mbaabu?"

"Zile tutapanda."

Kiongozi gani mwingine angezihurumia nyasi ambazo hazijazaliwa? Farhiya alimshukuru kwa upole unaochoma, akageuka upesi machozi yasije yakamwaibisha. Wageni kutoka Nairobi walikuwa wameshaingia mjini, pamoja na Mwongera, mkaguzi wa ligi.

Akaenda moja kwa moja soko la mifugo. Siku hiyo hapakuwa na mnada. Mzee Chachu, msimamizi wa soko, alikuwa kivulini anakunywa chai.

"Salaam aleikum, mzee. Nisaidie na hii boma mpaka jioni."

"Aleikum salaam, binti. Mnauza nini?"

"Hatuuzi. Tunacheza."

Chachu akaitazama fimbo yake. "Hiyo ni ya kushika samaki? Mto uko mbali." Lakini akacheka, akaamuru ngamia waliongoja lori wasogezwe kando. Kuhusu nyasi hakuuliza lolote.

Wenzake Farhiya walipokwisha kusimika milingoti ya goli, wageni walishuka basini na viatu vyeupe, wakakanyaga samadi kwa heshima kubwa. Kila mpira ulipotua katikati ya ngamia, walisimama kungojana, kila mmoja akimpa mwenzake nafasi. Farhiya hakungoja. Alijipenyeza chini ya matumbo ya ngamia, akatoka na mpira wavuni, akakimbia, akafunga. Kina mama wauza maziwa na wachuuzi wa miraa walipiga vigelegele, ingawa hawakuelewa kanuni hata moja.

Isiolo walifungwa kwa tofauti ya bao moja.

Kipenga cha mwisho kikamleta Mbaabu, mwenye jicho pevu la kutambua kazi iliyokwisha. "Ofisi yangu," akatangaza, "ndiyo iliona mbali, ikawachagulia uwanja huu wa asili!"

Mwongera akamgeukia Farhiya. "Mwenyeji wenu ni nani hapa?"

"Huyu mzee," Farhiya akajibu, akimshika Chachu mkono.

"Basi uwanja wa nyumbani mnao."

Farhiya akaketi chini, pale pale vumbini. Siku nzima hakuwa ameketi.

"Karibuni siku yoyote," Chachu akamwambia. "Lakini kesho ni mnada. Hizo goli zenu mng'oe. Fahali wakiingiza pembe kwa nyavu, mtawatoa nyinyi."

Timu iliyoshindwa ikaanza kung'oa milingoti, ikicheka kama iliyobeba kombe.