Bingwa wa Mkono wa Plastiki

Chuoni kulikuwa na mkono mmoja tu wa kujifunzia kutoa damu. Ulikuwa wa plastiki, rangi yake ya waridi kama nguruwe aliyetoka kuoga, na mishipa yake imechorwa kwa buluu juu ya ngozi ili hata mjinga asipotee njia. Wanafunzi waliuita Mzungu. Wengi walikuwa wamemchoma kabla ya hawa, mpaka kwenye kikunjo cha kiwiko pakabaki tundu. Ukipitisha sindano hapo, maji mekundu yalikuja yenyewe bila kubembelezwa.

Ojera ndiye aliyekuwa bingwa wa Mzungu. Alimchoma akipiga mluzi. Alimchoma huku anasimulia mpira wa jana. Nyumbani, kwenye nyumba za polisi, baba yake alishaanza kumwita daktari mbele ya maafande wenzake, naye Ojera hakuona sababu ya kumsahihisha mzazi.

Nabwire, aliyekaa dawati moja naye, alikuwa kinyume chake. Yeye kabla ya kuchoma alibonyeza, akabonyeza tena, akasogeza kidole.

"Wewe unatoa damu au unachagua avokado soko la Nakasero?" Ojera alimuuliza, darasa zima likacheka.

Basi wakapelekwa kwenye zahanati moja Ntinda, kwa watu wenye roho. Aliyewapokea ni Sista Nangila, Mkenya mwembamba ambaye hakupenda kurudia neno.

"Leo kila mmoja atatoa damu. Ukikosa mara mbili, unampisha mwenzako, na wewe unarudi chuoni kwa plastiki yako, uanze upya na wale walioingia juzi. Sawa?"

"Sawa, Sista."

Nabwire akaanza. Akabonyeza, akasogeza kidole, akachoma, damu ikaja. Ojera akapiga makofi taratibu, kama mgeni rasmi.

Zamu ya Ojera ilipofika, akapewa Afande Adyero, mama mnene, sajini mstaafu wa jeshi, aliyeketi kitini kama anayekagua gwaride.

"Wewe daktari, fanya haraka," alisema. "Mimi sijakula kutoka jana, wamesema kipimo hii inataka tumbo tupu. Na rolex yangu iko hapa ndani ya mfuko, inapoa."

Kweli, harufu ya chapati na mayai ilikuwa imejaa chumba.

Ojera akavaa glavu. Akafunga kamba ya mpira juu ya kiwiko, akapangusa kwa spiriti, akainama kutazama. Akatazama. Akainama zaidi. Ngozi ya Afande ilikuwa nyeusi, laini, imejaa vizuri, haina mstari wa buluu hata wa kusingiziwa. Tundu je? Hakuna tundu. Akaugeuza mkono labda liko upande wa pili.

"Unatafuta nini?" Afande akauliza. "Umepoteza kitu?"

"Hapana, afande. Nasalimiana na mkono."

Ikabidi akumbuke Mzungu. Tundu la Mzungu lilikuwa katikati, vidole viwili chini ya kikunjo. Akapima vidole viwili, akachoma palepale. Akakitazama kichupa cha kupokea damu nyuma ya sindano. Kikavu.

"Imetoka?"

"Bado kidogo, afande."

"Damu gani inafikiria kwanza?"

Akatoa sindano, akafungua kamba, akabandika pamba. Jasho lilimtoka mpaka ndani ya glavu. Alichokuwa haelewi ni kimoja: amefanya kila kitu kama chuoni, sasa mkono huu umesomea wapi? Sista Nangila alikuwa amekunja mikono. Nabwire akasogea na pamba mpya, akamnong'oneza, "Msalimie Mzungu. Mwambie tumemkumbuka."

Ojera akachukua sindano mpya, akahamia mkono wa pili. Akafunga kamba. Akatazama, na huko nako giza tupu. Akamwona baba yake akiwaeleza maafande jinsi daktari alivyorudishwa darasa la watoto. Aibu ikamfanya afumbe macho aombe, kidole chake kimeegemea kikunjoni kwa sababu hakikuwa na pengine pa kwenda.

Kitu kikadunda chini ya kidole.

Akafumbua macho. Hakuna kitu. Akafumba. Kipo! Kimejificha ndani, kinarudi ukikibonyeza, kama mpira wa manati chini ya blanketi. Akafumbua, hakipo. Sasa amwamini nani, macho yaliyomsomesha miaka yote, au kidole?

"Sista," Afande aliita, "huyu kijana analala na sindano mkononi."

"Afande, nisamehe. Tulia kidogo tu."

Akaacha kidole kiwe shahidi, akafumbua macho, akachoma pale pasipoonyesha chochote. Damu ikaruka ndani ya kichupa, nyekundu, ya moto. Ojera akabaki kuishangaa kama mtu aliyebisha hodi nyumba tupu akaitikiwa. Kichupa kikajaa. Akashika sindano aitoe.

"Kamba, Ojera!" Sista Nangila akafoka. "Fungua kamba kwanza! Unataka kupaka rangi ukuta?"

Mzungu hakuwahi kumdai hilo. Akafungua kamba haraka, akatoa sindano, akakandamiza pamba. Afande Adyero alikuwa ameshafungua mfuko kwa mkono mwingine, anatafuna.

"Umefaulu," alisema na mdomo umejaa. "Lakini jeshini ungefukuzwa."

"Nimefaulu, Sista?"

"Umepata damu," Sista Nangila akajibu. "Hurudi kwa plastiki. Ila usiniulize umeipataje, maana naona hata wewe hujui. Anayefuata!"

Akaingia Sadik, dereva wa boda boda, mikono yote mishipa mitupu, imesimama kama mizizi ya mvule. Ungeichoma ukiwa mlangoni. Ojera akaifurahia, halafu akaingiwa na shaka. Ile inayoonekana ndiyo yenyewe, au ya kweli imejificha chini yake? Macho yamemdanganya leo mara moja. Akaweka kidole, akashika sindano, akafumba macho vizuri.

Sadik akamtazama. Akamtazama Nabwire. Akashuka kitini polepole, ameshika helmeti yake.

"Nyabo," alimwambia Nabwire, "mimi nitangoja wewe."