Nyani Ndani ya Kabini

"Piga honi, Baba Rose," Halfani alisema. "Atakuja mwenyewe."

Lori la Alfredi lilikuwa limesimama mwanzoni mwa mteremko wa kutoka Newala kwenda Masasi, injini ikiunguruma, magunia ya korosho yamejaa nyuma. Mbele ya bampa walisimama wanaume sita wa kijijini wenye mapanga na mikuki. Halfani peke yake alikuwa na gobore.

Waliyemtaka alikuwa nyani dume mzee, ambaye Alfredi alimwita Bwana Shamba kwa jinsi alivyopenda kukagua mashamba ya watu.

Walijuana msimu uliotangulia, wanunuzi binafsi walipokuwa wameanza kugombania korosho. Tajiri wa Alfredi, kwa haraka ya kuwawahi wenzake, alipakia lori kupita kiasi na ekseli ikakatika hapo hapo mteremkoni. Alfredi alikaa siku tatu akilinda mzigo. Siku ya pili nyani yule alishuka kutoka mwambani akichechemea, mkono mmoja umenaswa na waya wa mtego. Kundi lake lilikwisha kumwacha. Alfredi alimrushia mabibo ya mikorosho ya hapo, kila mara karibu zaidi, mpaka mnyama akakaa hatua moja tu kutoka kwake, akitetemeka. Alipokuwa anakata ule waya kwa koleo, meno marefu yaligusa ngozi ya mkono wake. Hayakuuma.

Tangu hapo, kila alipopita alipiga honi mara mbili. Bwana Shamba alishuka, akapanda ngazi ya kabini na kunyoosha mkono dirishani. Wiki mbili zilizopita aliingia kabisa, akakaa kitini kama abiria, akala, akatoka.

Alfredi alijisifia jambo hilo katika kila mgahawa wa Masasi. Hakufikiri kwamba nyani aliyeacha kumwogopa yeye ameacha kuwaogopa watu wote.

Kisha, Jumanne ya wiki hiyo, Zabibu, dada mkubwa wa Halfani, alikuwa anatoka shamba na kikapu cha karanga kichwani. Nyani alimjia moja kwa moja, mkono ameunyoosha. Mama wa watu akakimbia, akaanguka korongoni, mguu ukavunjika.

"Usipopiga honi," Halfani alisema, "tutatia sumu kwenye mabibo barabara nzima. Atakufa yeye, watakufa mbwa, pengine na mtoto wa mtu."

"Kosa ni langu, Halfani."

"Najua. Ndiyo maana utapiga wewe."

Alfredi alipanda kabini. Aliona waziwazi kwamba Halfani ana haki, na hilo ndilo lililomchoma. Wanaume wakajibanza nyuma ya mikorosho. Akapiga honi mara mbili.

Majani yalitikisika. Bwana Shamba akatokea kando ya barabara, akatembea bila wasiwasi, macho yake kwenye dirisha la lori tu. Halfani aliinua gobore. Alfredi alimwona akifumba jicho moja.

Hakukumbuka kuamua. Alijikuta amejinyoosha na kusukuma mlango wa abiria.

"Baba Rose!" Halfani alipiga kelele.

Nyani akaruka ndani. Alfredi akaachia breki ya mkono. Gobore likalia, kioo cha pembeni kikapasuka, na lori likaanza kushuka.

Mnyama alipagawa. Alijipiga kwenye kioo cha mbele, akararua kiti, akamrukia Alfredi begani. Kona ya kwanza hiyo. Breki zilianza kutoa harufu ya kuungua na mzigo ukasukuma kwa nyuma. Alfredi aling'ang'ania gia ya pili huku akimsemesha nyani polepole kwa Kimakonde, kama alivyomsemesha binti yake Rose akiwa na homa. Kona ya pili meno yalizama mkononi mwake. Damu ikatiririka kwenye usukani. Hakuuachia, maana upande wa kushoto hapakuwa na kitu ila vichwa vya miti huko chini.

Walipofika tambarare aliendesha mbele sana, mpaka kwenye pori lisilokuwa na mashamba, akafungua mlango. Bwana Shamba aliruka, akakimbia, akapotea. Alfredi hakumwona tena.

Masasi alishonwa nyuzi saba. Madereva wenzake walimshauri azunguke njia nyingine, asionekane tena kule juu. Siku ya nne alipanda mteremko uleule mpaka uani kwa Zabibu.

"Shikamoo, Mama Mujibu."

Zabibu alikuwa amekaa mkekani, mguu umefungwa banzi.

"Marahaba."

"Nimekuja kukuomba radhi."

"Mnyama umemhurumia mara mbili," Zabibu alisema. "Mimi, hata kuniuliza hali hukuja."

"Ni kweli, mama."

"Sasa maji nani atanichotea? Kisima kiko bondeni."

Kuanzia hapo, kila lori lilipopanda tupu kutoka Masasi lilibeba madumu kumi ya maji. Alfredi aliyashusha mwenyewe, mkono wenye mshono ukimuuma. Halfani alikuwa anamtazama tu kutoka mlangoni kwake, hamsalimii.

Ilikuwa hivyo mpaka Januari. Siku moja Halfani alikuja, akachukua madumu mawili, akayapeleka jikoni kwa dada yake, akarudi kuchukua mengine.

"Safari ijayo," alisema bila kumtazama, "mletee na chumvi. Imemwishia."