Kumbana Mama Mkwe

Haya za ukwe, jamani, zina mambo! Mpiga picha za eksirei wa hospitali moja alikuwa amebana matiti ya watu kwenye mashine ya kupimia saratani miaka kumi na miwili bila kupepesa, lakini siku mama mkwe wake alipovua blauzi na kugeukia ukutani, haya zilimshika. Akashusha bamba la kubania taratibu, likagusa titi tu.

"Basi, mama, tumemaliza."

Hakuwa amembana. Angembanaje mama aliyemzaa mumewe?

Daktari akaiangalia picha. "Kuna chembe za chokaa ndani ya titi, zimefifia. Naona ni za uzee tu. Arudi mwakani."

Mpiga picha akashusha pumzi. Kisha akaitazama tena ile picha, akashtuka. Zimefifia kwa sababu yake! Na kama ni saratani, itamngoja nani mpaka mwakani? Akisema ataumbuka. Potelea mbali, aumbuke.

"Daktari, sikumbana vizuri. Nilimwonea haya. Niruhusu nirudie, nikuze sehemu ile peke yake."

Daktari akamkata jicho. "Wewe, na uzoefu wote huo! Haya, mrudishe."

Mama mkwe alikuwa keshafunga vifungo. "Tena?"

"Tena, mama, na safari hii nitakuumiza. Ili chembe zionekane kubwa, lazima nibane sana, na wewe usitikisike, hata kupumua usipumue. Kosa ni langu. Nilikubana kwa adabu."

Mama akacheka mpaka akashika mbavu. "Mwanangu, mimi nimezaa saba, nitakuwa na siri gani tena? Bana!"

Akabana. Mama akafumba macho, akakunja vidole vya miguu.

Sasa chembe zilionekana moja moja, zimevunjikavunjika, zimejipanga mstari. Daktari akasogeza kiti.

"Hizi si za uzee. Tumchome sindano tutoe kinyama, kipimwe. Lakini eneo ni dogo sana. Kama ni ugonjwa, tumeuwahi."

Mama mkwe alikuwa kwenye benchi, mkoba mapajani. Mpiga picha akakaa kando yake, akamweleza habari ya sindano huku machozi yakimtoka.

"Sindano lini?" mama akauliza.

"Kesho asubuhi."

"Utakuwepo?"

"Nitakuwepo, mama."

Mama akamfuta mashavu kwa ncha ya mtandio wake. "Basi nyamaza. Na mumeo usimwambie leo. Naye ataanza kulia, na mimi siwezi kubembeleza wawili."