Mabishano ya Ghorofani

Siku chuma cha kinga cha roli namba mbili kilipokatika, wakubwa wetu ghorofani walikuwa wanagombania Kiingereza.

Mimi ni mtu wa boila kwenye kiwanda cha kufulia mashuka ya hospitali. Shule niliishia darasa la nne, lakini mvuke naujua. Roli ni bomba nene la chuma, la moto, linameza shuka bichi na kulitema limenyooka. Kile chuma cha kinga hukaa mbele yake ili limeze shuka tu, lisimeze na mkono. Na mkono uliokuwepo siku hiyo ni wa shemeji yangu, mdogo wa marehemu mke wangu. Mke wangu naye alilisimamia roli hilohilo miaka kumi na minne, akivuta joto mpaka kifua kikakataa. Meneja alikuja msibani, akakaa dakika kumi, akatazama saa mara tatu.

Kwetu mashine haizimwi mpaka meneja aweke dole gumba kwenye grupu la simu. Sheria kaitunga mwenyewe. Wawili walizima bila dole, leo wako mtaani. Na ukiliacha roli tupu linawaka, linaunguza kitambaa chake cha kubania shuka, hilo ndilo kosa kubwa zaidi. Basi nikaandika: "Chuma cha kinga roli 2 kimekatika. Naomba kuzima."

Asubuhi hiyohiyo meneja alikuwa ametangaza kwamba kwenye vitambulisho vipya vya Kiingereza kila mtu achague aitwe hi, shi au dhei. Hi wa kiume, shi wa kike, dhei kwa asiyetaka kuwekwa upande wowote. Grupu likalipuka.

"Mimi niandikeni dhei," akaandika mhasibu. "Kazi ninayofanya ni ya watu watatu."

Dereva akadakia: "Kwetu hakuna kesi. Yeye kaja, yeye kaondoka, yeye kala chakula changu. Kwisha."

"Dereva nyamaza," akasema dada wa mapokezi. "Nyie kwenu mko kumi na tatu, mama yenu alikuwa anaita 'nyinyi' mnakuja wote."

Vicheko mia. Kisha meneja: "Jamani tuwe siriasi. Ni suala la heshima. Kila mtu aitwe anavyopenda."

Heshima! Huyu ameniita "wewe wa boila" miaka kumi na mmoja. Anayetaka kuitwa dhei na aitwe, mimi hainiwashi. Kinachonitia kichefuchefu ni mtu asiyejua jina langu kunifundisha namna ya kuita wenzangu.

Nikaandika tena. Ujumbe wangu ukazama chini ya mhasibu, aliyekuwa anauliza kama gari la kampuni nalo ni shi.

"Shem, wamejibu?" shemeji akapaza sauti, anaendelea kulisha roli kwa ncha za vidole.

"Bado wanachagua waitweje."

"Zima basi!"

"Nikizima tunafukuzwa wote. Watoto wako watakula nini?"

Sijivunii jibu hilo. Niliogopa. Nikaandika mara ya tatu, na meneja, naye yumo humo humo kwenye simu, akajibu swali la gari.

Ndipo roli likashika mkono wa gauni la kazi la shemeji.

Sikumbuki nilivyofika ukutani. Nilivuta swichi kuu, jengo zima likazimika, taa, mashine, kompyuta za juu, vyote. Mkono wa gauni ulikuwa umeshamezwa; nikaupasua, nikautoa mkono wake. Vidole vitano vilikuwepo, lakini ngozi kutoka kwenye vidole hadi kifundo cha mkono ilikuwa imeiva.

Meneja akashuka ngazi mbiombio. "Nani kazima? Nilikuwa katikati ya kuandika!"

Nikamwonyesha simu. Akasoma jumbe zangu tatu. Akamtazama shemeji, ameloweka mkono kwenye ndoo ya maji, amebana meno. Akanisogelea, sauti imeshuka.

"Mzee, hizi zifute. Makao makuu nao wamo kwenye grupu."

"Usifute," shemeji akaniambia bila kuinua kichwa. "Shem, nipeleke zahanati."

"Ukitoka sasa umeacha kazi," meneja akaniambia.

"Sawa," nikasema. "Pisha mlango, ana maumivu."

Muuguzi alimsafisha polepole, akamwambia avikunje vidole kimoja kimoja. Vyote vikakunjika. Shemeji hakulia mpaka hapo. Kabla hajafungwa bandeji akaniambia, "Piga picha. Tuma."

Nikatuma kwenye grupu, bila neno. Watu sitini na wawili wakaiona. Kisha mtu wa makao makuu akaandika: "Roli hili liliripotiwa saa ngapi?"

Meneja akaniandikia pembeni, si kwenye grupu: "Baba, tuzungumze kwanza."

Nikarudi kwenye grupu nikaandika: "Saa tatu na dakika tano. Saa tatu na ishirini. Saa tatu na nusu." Kisha nikaiweka simu mfukoni, nikamshikia shemeji mkoba wake ili afungwe bandeji vizuri.