Kigae Kilichogeukia Utepe

Fundi wa vipimo alipangusa kigae cha kauri, chembamba kama ukucha wa mtoto, akakibana kati ya nyaya mbili, akashusha kifuniko. Kazi yake ilikuwa kupeleka umeme huku, kisha kule, na kutazama kwenye skrini vikoa, zile sehemu ndogondogo za ndani ya kigae, vikigeuka. Vikoa ni kama watu waliolala safu safu: umeme ukiwagusa hugeuka ubavu, ukizimwa hubaki walivyogeukia. Kigae hakisahau.

Mama wa marehemu, aliyekuwa mwenzake fundi katika chumba hicho, alikuja kuchukua koti la mwanawe. Alikalia stuli ya fundi, ile ambayo marehemu aliitilia kitambaa chini ya mguu mfupi ili fundi, dada yake wa kazini, asiyumbe.

Juma lililopita marehemu alifungua kifuniko hicho, umeme ukamuua. Swichi ya usalama ilipaswa kuukata kifuniko kinapofunguliwa, lakini bosi alikuwa ameibana kwa utepe wa buluu, maana ilikuwa ikimsimamishia kazi. Wakubwa waliambiwa ni uzembe wa marehemu.

Fundi akabonyeza. Vikoa vikageukia kwenye utepe. Akabadili umeme, havikutikisika. Akaongeza. Mishale ya saa ukutani ikaelekea kwenye utepe, stuli ikazunguka taratibu na mama juu yake, shingo ya fundi ikafuata.

"Bosi, kigae kimegoma."

Bosi akaingia na chai. Alipovuka kizingiti shingo yake ikageuka, chai ikamdondokea kiatuni.

"Upande huo tuuite juu, dada. Mchoro wa vipimo utatoka."

Ukatoka, mzuri kuliko wote wa mwezi ule.

"Baba," mama alimuuliza bosi, "utepe huu tunaoutazama, nani aliufunga?"

"Mimi, mama."



"Kumbe mwanangu hakuzembea."

"Alizembea," alisema bosi, macho yake palepale kwenye utepe. "Pole sana, mama. Ajali haina kinga."

 Fundi akanyoosha mkono aubandue utepe.

"Uache huo. Kazi itasimama."

Mkono ukabaki hewani, kisha ukashuka.

Mama akainuka. Akapapasa chini ya stuli, akakirudisha kitambaa kilichochomoka. "Usije ukaanguka, mwanangu," alimwambia fundi. Akatoka kinyumenyume, koti kifuani, uso ukitazama utepe mpaka mlango ulipofungwa.

Fundi akaweka kigae kingine, akashusha kifuniko.