Picha za Kisogo

Scola hakuwa mtu wa kugombana na wateja, ila siku moja mke wa bwana afya alikuja kwake mtaa wa Nsemulwa, mjini Mpanda, akakaa kwenye kigoda cha barazani na kusema, "Nisuke kama ulivyomsuka yule bibi harusi wa Pasaka." Scola akamsuka. Yule mama alipomaliza kujipapasa kichwa akasema sivyo. Scola akaapa ndivyo. Mwenzake naye akaapa sivyo. Hakukuwa na wa kuwaamua, maana bibi harusi mwenyewe alishafumua nywele na kuhamia Sumbawanga na mumewe.

Jambo lile lilimkaa Scola rohoni. Alikuwa amesuka nywele miaka kumi na mitatu. Alisuka twende kilioni, alisuka mabutu, alisuka vya uzi, na alikuwa na msuko wake mwenyewe ambao wateja waliuita reli, kwa sababu mistari miwili ilikwenda sambamba kutoka utosini hadi shingoni, na katikati yake vikapita vimistari vya kukingama kama mataruma ya njia ya treni. Hakuna mwingine Mpanda nzima aliyeuweza. Lakini msuko haukai. Wiki tatu, nne, mtu anafumua, anaosha, na kazi yote imeondoka na maji ya beseni.

Akamwita mpiga picha mmoja wa mjini aje kumpiga picha wifi yake Lusia, ambaye alikuwa amesukwa reli siku hiyohiyo. Yule bwana akaja na baiskeli, akampanga Lusia mbele ya ukuta, akamwambia acheke.

"Hapana, kaka," Scola akasema. "Mgeuze. Nataka nyuma."

"Nyuma wapi?"

"Kisogoni."

Yule bwana alishusha kamera akamtazama. "Akupaye kisogo si mwenzio, dada. Mimi nikianza kupiga watu visogo, mjini watasema nimechanganyikiwa." Akampiga Lusia uso, tena Lusia akiwa amefumba macho.

"Basi," Scola akasema jioni ile, "nitapiga mwenyewe."

Mumewe, Machibya, hakucheka. Alikuwa Msukuma aliyekuja na ng'ombe kutoka upande wa Shinyanga akiwa kijana, na jambo la kuchekwa kwa kuanza upya alilijua. Aliuliza tu atapata wapi hela ya kamera. Scola akasema atauza mbuzi wake watatu. "Mbuzi ni wako," Machibya akasema, na mazungumzo yakaishia hapo.

Kamera za kununuliwa kwa mbuzi watatu, mwaka huo wa 1996, Mpanda zilikuwa mbili tu. Ya kwanza ilikuwa mtaa wa Kashaulili, dukani kwa Bernadetha, aliyeuza redio, saa na tochi. Ilikuwa mpya, nyeusi, nyepesi kama kiberiti, na mkanda wake wa picha ulijivuta wenyewe ukilia kama nyuki kwenye chupa.

"Hii haina masomo, shoga yangu," Bernadetha akasema. "Unabonyeza tu. Giza likiingia, taa yake inawaka yenyewe. Hata mtoto anapiga."

Ya pili ilikuwa kwa mzee Kassiani, aliyestaafu kazi ya upimaji wa ardhi na kuishi nyuma ya soko. Hiyo ilikuwa kuukuu, ya Kirusi, ya chuma, nzito kama jiwe la kusagia. Mkoba wake wa ngozi ulikuwa umeshonwa upya kwa uzi wa viatu. Haikuwa na betri wala taa.

"Hii haifikiri badala yako," mzee akamwambia. "Utafikiri wewe."

Scola alirudi nyumbani kichwa kinamuuma. Akamkuta Machibya anakamua. Akachuchumaa kando ya ndoo akamweleza yote: ile nyepesi, ile nzito, ile yenye taa, ile isiyo na taa, bei zao karibu sawa.

"Mimi mambo ya kamera siyajui," Machibya akasema bila kugeuka. "Ila ng'ombe wa maziwa sinunui kwa kuangalia pembe. Namkamua kwanza, mwenyewe akiwa amesimama hapo. Akikataa nisimkamue, naondoka."

Kesho yake Scola alirudi kwa Bernadetha na neno hilo. Bernadetha akanuna kidogo, kisha akakubali: anunue mkanda kwake, aende na kamera, airudishe Jumamosi bila mkwaruzo. Mzee Kassiani ndiye aliyekuwa mgumu.

"Kamera si ng'ombe, mwanangu."

"Najua, mzee wangu. Ndiyo maana naogopa zaidi."

"Unataka kupiga nini? Harusi?"

"Visogo."

Mzee akaanza kucheka, akacheka hadi akakohoa, mkewe akachungulia mlangoni kuona kuna nini. "Miaka thelathini na moja," akasema akijifuta macho, "nimepiga picha za mawe ya mipaka. Kila nikifika kijijini watu wanajipanga mbele ya kamera, na mimi nawaambia sogeeni, nataka jiwe. Walidhani nina wazimu. Chukua, mama. Chukua uende nayo."

Akamwonyesha. Duara la mbele unalizungusha polepole huku unachungulia, mpaka kitu kikutazame wazi. Duara la pili ni la mwanga: lifungue upate kuona, kisha lifunge kabla ya kubonyeza. Jua kali, namba hii. Kivuli, namba ile. Scola aliitikia kila neno kama mtu anayeelekezwa njia na tayari amesahau kona ya kwanza.

Ijumaa asubuhi alimkalisha Lusia kwenye kigoda uani, mgongo kwenye jua. Alipiga kwa kamera ya dukani, akapiga kwa ya mzee. Aliinama, alipiga magoti, alisimama juu ya kinu kilichopinduliwa. Majirani wakajaa kwenye ua wa matete.

"Lusia, kisogo kina jipu?"

"Kina wivu wako!" Lusia akajibu bila kugeuza kichwa.

Mkanda wa dukani ulipobaki na picha chache, Scola alimpiga Machibya na ng'ombe wake, akawapiga watoto, akawapiga na hao majirani, wakanyamaza mara moja na kusimama wima kama askari. Jumamosi kamera zote mbili zikarudi kwa wenyewe, na mikanda ikaenda Tabora kwa treni, maana picha za rangi zilisafishwa huko.

Zilikaa siku kumi na sita. Bahasha zilipofika, Scola alizifungua mkekani, Lusia upande huu na Machibya upande ule.

Za kamera ya dukani zilitoka karibu zote. Watoto walikuwa wanang'aa. Majirani walionekana mpaka vifungo. Machibya alikuwa amesimama na ng'ombe wake jike mwekundu, mkono juu ya nundu, kama mtu aliyezaliwa kupigwa picha.

"Hii ndiyo kamera," Machibya akasema. "Angalia. Mpaka masikio."

Lakini visogo vya Lusia, kila Scola aliposogea karibu, vilikuwa vimefifia. Mistari ilikuwa imeyeyuka. Msuko ulikuwa kama ugali uliopigwa na mvua.

Za kamera ya mzee zilikuwa msiba. Ya kwanza nyeusi tii. Ya pili nyeupe. Nyingine ilionyesha sikio na nusu ya kinu. Scola aliziweka chini moja moja, na moyo wake ukashuka nazo. Alihesabu ishirini na sita zilizoharibika. Kisha ikaja moja, naye akaishika kwa mikono miwili.

Ilikuwa reli. Yote. Kila taruma lilionekana lilikoingia na lilikotokea. Mafuta yaling'aa kwenye njia za ngozi, na pale shingoni, mahali anapofungia siku zote kwa fundo dogo, fundo lilionekana.

"Wifi," Lusia akasema kwa sauti ya chini, "hiki ni kichwa changu?"

Zilikuwepo nne za namna hiyo. Machibya aliichukua mojawapo, akaipeleka mlangoni penye mwanga, akakaa nayo. Miaka yote alimwona mkewe akisuka, lakini alikuwa anaona vidole tu.

"Kule umepata nyingi nzuri," akasema mwishowe. "Huku umepata nne. Lakini kule hukupata ulichokwenda kutafuta." Kisha, bila haya, akaongeza, "Ila ile yangu na ng'ombe naichukua."

Bernadetha hakukasirika sana, kwa sababu Scola alimsuka bure wiki hiyo na kununua kwake mikanda mingine miwili. Mzee Kassiani alipokea hela za kamera bila kuzitazama, akauliza ziko wapi zilizoharibika. Wakakaa nazo kibarazani kwake, moja baada ya nyingine. Hii nyeupe ulisahau kufunga duara la mwanga. Hii yenye ukungu ulilenga vizuri, kisha ukasogea. Scola alicheka akajipiga paja. Mambo aliyoelezwa mara ya kwanza yakapita kama upepo, sasa yalikuwa na sura; kila kosa aliliona kwa macho. Mkanda uliofuata ukatoa picha nzuri kumi na tisa, na uliofuata zaidi.

Alizibandika ukutani barazani, juu ya kigoda, kwa gundi ya unga wa muhogo. Wateja wakaacha kusema "kama yule wa Pasaka." Walinyoosha kidole. Wengine walikuja hata bila nywele za kusuka, wakasimama tu kutazama, na wakakuta visogo vya watu wanaowajua wakawa wanabahatisha majina.

Mwezi wa tisa akaja mama mmoja kutoka makazi ya wakimbizi ya Katumba, jina lake Thacienne, mkimya, wa miaka kama ishirini na minane. Alikuja sokoni kuuza maharage, akabaki na muda kabla ya gari. Akachagua njia nyembamba za kurudi nyuma. Scola alipomaliza alimwomba ampige picha, naye akakubali kwa kuinamisha kichwa.

Aliporudi wiki tatu baadaye, Scola alimpa picha. Thacienne aliitazama, kisha akakaa chini sakafuni, si kwenye kigoda.

"Nimeikosea?" Scola akauliza.

"Hapana, dada." Alipitisha kidole kwenye picha, kwenye shingo, palipokuwa na mikunjo miwili na kidoa cheusi kati yake. "Huyu ni mama."

Scola hakuelewa. Akachuchumaa.

"Tulipokimbia kutoka kwetu Burundi nilikuwa na miaka minne," Thacienne akasema. "Alinibeba mgongoni siku nyingi. Tukafika huku, akaugua, akafa. Uso wake siukumbuki kabisa. Nimejaribu. Lakini hapa," akagusa tena ile mikunjo, "hapa nilikuwa nalala. Hiki kidoa nilikuwa nakishika. Sikujua kama na mimi ninacho. Nani angeniambia?"

Lusia, aliyekuwa anachambua mchele pembeni, aliacha kuchambua.

Thacienne hakulia. Alikuwa anatabasamu, tabasamu la mtu aliyekutana na ndugu stendi bila kutegemea. Aliuliza kama inawezekana kupata nyingine kama ile, kwa ajili ya kaka yake aliyeko makazi ya Mishamo, ambaye alikuwa akitembea nyuma yao njia nzima.

"Itakuja na treni ya wiki ijayo," Scola akasema. "Lakini kaa kwanza. Inamisha shingo kidogo. Jua limekaa vizuri, nikupige na nyingine, karibu zaidi."

Akafungua mkoba wa ngozi, akapiga goti nyuma yake, na kuanza kuzungusha duara polepole.