Pikapu Iliyochemsha Ikielekea Singida

Anastazia wa Ulemo alikuwa na ugonjwa mmoja ambao dawa yake haijapatikana: kumsifia binti yake. Ukienda kumuomba moto, utasikia habari za Elina. Ukienda kumpa pole ya mguu, utazisikia tena, na safari hii zimeongezwa chumvi. Lakini mwaka huu tumpe haki yake, mama wa watu, maana sababu alikuwa nayo. Elina, fundi magari, alikuwa ameng'oa injini ya petroli iliyochoka kwenye pikapu ya Mzee Laurenti na kupachika injini ya dizeli iliyotoka kwenye kibasi. Miezi minne ya kukata vyuma na kuchomelea. Siku injini ilipounguruma mara ya kwanza, Anastazia alipiga vigelegele mpaka kuku wakahama uwanja.

Halafu pikapu ikaanza kuchemsha.

Na ilichemsha kwa ubishi. Ikienda Singida, kabla ya nusu ya njia mshale wa joto umepanda na mvuke unatoka kwenye boneti. Ikirudi Ulemo, na mzigo juu, salama kabisa. Elina alibadilisha mfuniko wa rejeta. Akaisafisha rejeta yenyewe, akapima pampu ya maji. Akatoa thamostati, kile kidude kinachofungulia maji njia yakishapata moto, akakichemsha kwenye sufuria ya mama yake aone kama kinafunguka. Kilifunguka vizuri tu. Mama alilalamika juma zima kwamba maharage yananuka gereji, na pikapu ikachemsha vilevile.

Mzee Laurenti ni mtu mpole, ila hata mpole huchoka. Jumanne alikuja uwanjani kwa Elina, ambao ndio huohuo uwanja wa mama yake, akasimama bila kukaa.

"Ijumaa nakuja na fundi Damiani," alisema. "Atafungua hedi, kile kichwa cha juu cha injini. Akikuta imeharibika, tunaitoa injini yote, tunarudisha ile yangu ya zamani."

Damiani ndiye aliyemfundisha Elina kazi, na ndiye aliyekuwa akisema kila mahali kwamba gari dogo halibebi injini kubwa. Ikitolewa ile injini, nani tena angemletea Elina hata baiskeli? Anastazia alilijua hilo. Chakula cha siku ile aliwamwagia kuku, naye si mtu wa kuacha chakula.

Jumatano upepo ulikuwa mzuri, ule wa Juni unaotoka mashariki bila kupumzika. Elina aliwasha pikapu ikiwa imeelekeza pua huko mashariki, akakaa ndani kuitazama geji. Anastazia naye alikuwa na mtama wake wa kupepeta. Akatandaza turubai hatua chache mbele ya gari, akainua ungo. Mtama ukaanguka chini, makapi yakaenda na upepo moja kwa moja kwenye pua ya pikapu.

"Mama, unalijaza gari makapi."

"Nitalifuta. Kwani kanga sina?"

Haya, wewe mwambie Anastazia ahame. Alipepeta mpaka akamaliza, kisha akaja na kanga yake kufuta. Akainama kwenye wavu wa mbele wa gari. Hakuna kitu. Hata kapi moja. Makapi yote yalikuwa yamejikusanya chini, hatua moja kabla ya bampa, kama yamefagiliwa pale. Na hewa ya moto ilikuwa inampiga usoni, imetoka ndani ya gari.

Alisimama akafikiri. Juma lililopita Damiani alipita kusalimia, akaacha lori lake linanguruma palepale anapopepetea. Lile lilivuta makapi mpaka likaota ndevu, na Damiani akanung'unika.

"Elina," aliita. "Lori la Damiani lilikula makapi yangu. Hili lako linayatema."

Elina alifungua mdomo amjibu kama watoto wanavyowajibu mama zao. Kisha akaufunga. Alishuka, akachana karatasi ya daftari, akaiweka kwenye wavu. Ikaruka. Akaiweka tena. Ikaruka tena. Alichuchumaa, akaichungulia feni ndani ya wavu, kisha akashika kichwa.

"Feni," alisema hatimaye. "Inatakiwa ivute hewa ya mbele iingie ndani, ipoze maji. Hii inazunguka kinyume, inaisukuma nje. Ukirudi kutoka Singida upepo uko nyuma yako, hausumbui. Ukienda, upepo wa mbele unasukuma kuingia, feni inasukuma kutoka, wanakutana kwenye rejeta na hakuna anayepita."

"Na nani aliifunga hiyo feni?"

"Mimi. Dukani kulikuwa na waya mweusi tu, nikatumia mweusi pande zote mbili, chanya na hasi, nikazichanganya. Nilipoona inazunguka nilifurahi, sikuangalia inazungukia wapi."

Kugeuza zile nyaya hakukuchukua hata dakika kumi. Alipowasha tena, karatasi ilinata kwenye wavu kama imegandishwa kwa ugali.

Hapo Anastazia alimsogelea binti yake akasema kwa sauti ya chini, ingawa uwanjani walikuwa wao na kuku tu. "Sasa sikiliza. Ijumaa waambie limepona, basi. Usianze kueleza mambo ya waya. Hao wanaume wakikosea huwa wanakueleza?"

Elina alibandua karatasi yake kwenye wavu.

Ijumaa walikuja, Damiani na mkoba wake wa spana mkononi. Elina alisalimia, shikamoo kwa huyu, shikamoo kwa yule, akawaomba kitu kimoja: kabla ya kufungua hedi, waende Singida. Wakapanda watatu mbele, Mzee Laurenti akashika usukani. Anastazia hakuulizwa, alipanda nyuma, akakaa juu ya gunia, akashika kilemba chake kwa mikono miwili. Upepo ulimpiga usoni njia nzima mpaka machozi yakamtoka. Walifika pale gari lilipozoea kusimama na mvuke, wakapita. Walifika kilima cha pili, wakapita. Anastazia aliimba, na uzuri ni kwamba kwa upepo ule hakuna aliyemsikia.

Sokoni Singida walishuka. Mzee Laurenti alifungua boneti mwenyewe, akagusa, hakuna mvuke, akatikisa kichwa kwa mshangao.

"Ilikuwa nini?"

Anastazia alimfinya Elina ubavuni. Akamfinya tena.

"Nilikosea mimi, mzee," Elina alisema. "Feni niliifunga kinyume. Mama ndiye aliyeona, akipepeta mtama. Injini haina kosa. Kosa lilikuwa langu tangu siku ya kwanza."

Anastazia alitamani ardhi ipasuke. Kisha Damiani akauweka mkoba wake wa spana chini.

"Mwaka niliofungua gereji," alisema, akiitazama ile feni, "nilifunga feni hivyohivyo kwenye lori la mtu. Nilipogundua, niligeuza waya kimyakimya, nikamfungulia hedi bure, nikamwambia imeungua gasketi ya hedi. Alinisifia mpaka anakufa. Sijawahi kumwambia mtu mpaka leo." Akamgeukia Mzee Laurenti. "Hii injini usiiguse. Na mtu wa kuigusa akihitajika, ni huyu."

Mzee Laurenti alichukua ufunguo, akamrudishia Elina mkononi.

Anastazia alijiona mdogo kwa kule kufinya, na papo hapo akajiona mkubwa kuliko alivyowahi kujiona maishani, yote mawili pamoja. Mama mmoja muuza vitunguu, ambaye alikuwa ameshangazwa na zile kelele za injini kubwa kwenye kigari kidogo, akamuuliza, "Mama, hili gari la nani?"

"La mwanangu," alisema Anastazia. "Alilikosea mwenyewe, akalisema mwenyewe, akalitengeneza mwenyewe."

Mzee Laurenti, mwenye gari, alikuwa amesimama karibu na alisikia kila neno. Alipanda, akakaa upande wa abiria.